Jino la utotoni lina miaka yake ya kufanya kazi

"Ni jino la utotoni tu, litang'oka lenyewe." Kauli hiyo husemwa na bibi, na jirani, na wakati mwingine hata na mhudumu wa afya mwenye foleni ndefu mlangoni. Kung'oka kweli litang'oka. Kauli hiyo haisemi litang'oka lini, wala mtoto atakula na kulala vipi mpaka siku hiyo ifike.

Meno ya utotoni ni 20, kumi juu na kumi chini. La kwanza huchomoza mtoto akiwa na miezi sita hivi, na anapotimiza miaka miwili na nusu au mitatu yote huwa yameshatoka. Ya mbele huanza kudondoka karibu na umri wa miaka sita. Magego ndiyo yanayokaa muda mrefu: yale ya nyuma hudumu mpaka mtoto awe na miaka 10 hadi 12. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne mwenye tundu kwenye gego la nyuma akiambiwa asubiri, anaambiwa asubiri miaka sita na zaidi, karibu amalize shule ya msingi. Tundu haliwezi kusubiri kiasi hicho. Gamba gumu la nje la jino la mtoto ni jembamba kuliko la mtu mzima, na kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu ni kikubwa na kiko karibu na uso wa jino. Ndiyo maana uozo unaomchukua mtu mzima miaka kufika kwenye kiini unaweza kumfikia mtoto kwa miezi.

Kuna kazi nyingine ambayo wazazi wengi hawaambiwi. Kila jino la utotoni linashika nafasi ya jino la ukubwani linalokua chini yake. Gego likitolewa mapema, lililo nyuma yake husogea mbele kama abiria wa daladala anayesogelea siti iliyoachwa wazi, na jino la ukubwani likija baadaye hukuta pamejaa. Hutokea pembeni, au hubaki limenasa ndani ya fizi. Meno yaliyopandana ambayo familia inahangaika nayo mtoto akiwa na miaka 13 mara nyingine yana chanzo chake kwenye gego lililong'olewa akiwa na mitano.

Wala hili si tatizo la watoto wachache. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Mengi kati ya hayo hayajaguswa na tiba yoyote.

Uozo wenyewe huanza kimya. Bakteria wanaoishi kwenye ukoga hula sukari ileile anayokula mtoto na kutoa tindikali, na tindikali hiyo hunyonya madini ya jino. Mate huyarudisha madini hayo yakipewa muda. Hapo ndipo panapoleta tofauti: idadi ya mara ambazo sukari inaingia kinywani huumiza kuliko wingi wake kwa siku. Mtoto anayekula pipi tano kwa mkupuo mmoja baada ya chakula cha mchana anayaumiza meno yake kidogo kuliko yule anayemung'unya ubuyu wa rangi kidogo kidogo tangu asubuhi hadi magharibi. Na anayelazwa na chupa ya maziwa yenye sukari, juisi au uji mtamu yuko kwenye hatari kubwa kuliko wote, kwa sababu usingizini mate hupungua na kimiminika kinabaki kimeyazunguka meno ya mbele ya juu usiku kucha. Ya mbele ya chini hupona kwa muda, kwani ulimi na mate huyakinga.

Mzazi anaweza kuuona mwanzo huu kwa macho yake. Mlaze mtoto mahali penye mwanga, nyanyua mdomo wake wa juu kwa kidole, tazama pale jino linapokutana na fizi. Mstari mweupe kama chaki usiofutika ndiyo dalili ya kwanza, na katika hatua hiyo uozo bado unaweza kusimamishwa bila mashine wala sindano. Ukishakuwa kahawia na shimo limeonekana, mazungumzo yanabadilika.

Kabla ya kufika huko, nitaje jambo moja linaloua. Katika sehemu za Tanzania, Kenya na Uganda, mtoto mchanga akiharisha au akipata homa kali, wapo wanaoamini kuwa ana "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Uganda huitwa ebinyo. Mganga hupasua fizi mahali pa chonge na kutoa kitu cheupe laini, kisha humwonyesha mama. Kile kitu ni chipukizi la jino la mtoto lenyewe, ambalo bado halijakomaa kuwa gumu, na ndiyo sababu linaonekana kama plastiki. Watoto wamepoteza damu, wamepata pepopunda, wamepata sumu kwenye damu, na wengine wamekufa kwa kuhara ambako hakukutibiwa wakati familia ikishughulikia fizi. Waliopona wengi wana chonge la ukubwani lililoharibika au lisilotoka kabisa. Kuota meno hakuleti kuhara wala homa kali. Umri wa kuota meno ndio umri ambao mtoto anaanza vyakula vya nyongeza, anatambaa na kuweka kila kitu mdomoni, na kinga aliyorithi kwa mama inapungua. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi na kituo cha afya, siku hiyohiyo.

Kinga ya kila siku ni fupi kuieleza. Mswaki mara mbili kwa siku, mara ya mwisho kabla ya kulala, kuanzia jino la kwanza, kwa dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayoimarisha jino: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, na cha punje ya njegere kuanzia miaka mitatu. Ateme povu asisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki. Na mtu mzima ndiye apige mswaki, au arudie baada ya mtoto, mpaka awe na miaka saba au minane, kwa sababu kabla ya hapo mkono wake haufiki nyuma vizuri.

Wakazi wa maeneo yanayozunguka Mlima Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa wana haki ya kuuliza: floraidi si ndiyo iliyotutia meno rangi ya kahawia? Ndiyo, lakini ile ni ya kumezwa. Maji ya huko yana floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi yanayotumika kulainisha maharage na makande huongeza nyingine. Ikimezwa wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya, huyaharibu kabla hayajatoka. Suluhisho lake ni maji, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikishughulikia uchujaji wa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Dawa ya meno inayopakwa kidogo na kutemwa haina mchango mkubwa hapo, na kumnyima mtoto wa Arusha dawa hiyo ni kumwachia kuoza juu ya madoa.

Sasa kitini kwa daktari, mahali ambapo mambo mengi huharibika hata kabla ya kinywa kufunguliwa.

Uharibifu huanzia nyumbani. "Ukilia nampigia daktari aje akuchome sindano." Mtoto aliyelelewa na tishio hilo kwa miaka mitatu anapoingizwa kwenye chumba chenye taa kubwa na mtu aliyefunika uso, anajua tayari kuwa amefanya kosa na amekuja kuadhibiwa. Kisha mzazi anamwongezea: "Usiogope, haiumi." Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa ametaja maumivu. Naamini hakuna dawa ya ganzi inayoweza kufidia kabisa maandalizi mabaya ya namna hii, na mzazi ana nafasi kubwa hapa kuliko daktari.

Kinachosaidia ni kumpeleka mtoto mara ya kwanza siku asiyoumwa, ikiwezekana kabla hajatimiza mwaka mmoja. Kwa mdogo namna hiyo kiti hakihitajiki. Mama na daktari huketi wakitazamana, magoti yakigusana, mtoto analala mapajani kichwa kikiwa upande wa daktari na macho yakimwona mama. Atalia, na kilio chake hufungua kinywa; ukaguzi unakwisha chini ya dakika moja na mama anamkumbatia. Mtoto wa umri huo hajashindwa kuwa na nidhamu. Kulia ndiyo lugha aliyo nayo.

Kuanzia miaka mitatu hivi maneno yanaanza kufanya kazi. Njia inayofundishwa karibu kila chuo cha udaktari wa meno wa watoto ilielezwa na daktari Mmarekani Addelston mwaka 1959, nayo ina hatua tatu: mwambie, mwonyeshe, mfanyie. Mtoto anaingia, "Shikamoo dokta." "Marahaba mwanangu, hujambo? Njoo uone hiki kibrashi kinavyozunguka." Kinazungushwa kwanza hewani, halafu kwenye ukucha wa daktari, halafu kwenye ukucha wa mtoto, halafu kwenye jino moja la mbele. Hakuna hatua inayorukwa. Ganzi inaitwa dawa ya kulaza jino, mashine ya kunyonya mate inapewa kazi ya kunywa maji, na mtoto anaambiwa: ukitaka nisimame, nyanyua mkono wa kushoto. Akinyanyua, daktari lazima asimame, hata kama ameona ni kujaribiwa tu. Akipuuza mara moja, amepoteza imani ya mtoto kwa siku hiyo na huenda kwa miaka.

Sindano yenyewe ina ufundi wake. Fizi inakaushwa kwa pamba, inapakwa jeli ya ganzi, daktari anasubiri dakika moja au mbili, shavu linavutwa na kutikiswa kidogo ili ubongo ushughulikie mtikisiko, na dawa inasukumwa taratibu sana. Maumivu mengi ya sindano ya meno hutokana na haraka. Baada ya hapo mdomo unabaki na ganzi kwa saa mbili au tatu, na mtoto asipochungwa ataung'ata mpaka uvimbe na kidonda kitoke. Mama aelezwe kabla ya kuondoka, asije akadhani mtoto ameambukizwa hospitalini.

Mzazi chumbani anasaidia kwa kukaa kimya. Sauti ikiwa moja, ya daktari, mtoto anaisikiliza; zikiwa tatu zinazomwambia "fungua, fungua, kuwa mwanaume", anajifunga. Sifa iwe ya jambo mahususi: "umeweka mkono tumboni vizuri sana." Miadi iwe ya asubuhi, mtoto akiwa ameshiba na hana usingizi. Kwa mtoto mwenye usonji, afadhali aonyeshwe nyumbani picha za chumba na vifaa, na apangiwe saa ambayo hakuna kelele.

Na kumshika kwa nguvu? Zamani madaktari wengine walimfunika mtoto mdomo kwa mkono mpaka atulie. Chama cha madaktari wa meno ya watoto cha Marekani kiliiondoa mbinu hiyo kwenye mwongozo wake mwaka 2006. Kumtuliza kichwa kwa sekunde chache ili asijidhuru kunaeleweka. Kuwakusanya watu wanne wamkandamize mtoto wa miaka minne ili kuziba tundu lisilouma, hapana. Tiba hiyo ingeweza kusubiri au kubadilishwa.

Kubadilishwa, kwa sababu katika miongo kadhaa iliyopita tiba ya meno ya watoto imepata njia ambazo hazihitaji mtoto awe shujaa. Mojawapo ilizaliwa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi na shule ya meno ya Dar es Salaam, na wenzake walikabiliwa na watu waliokuwa mbali na umeme. Wakaacha mashine. Walitumia vifaa vya mkono tu: kutanua mdomo wa tundu, kukwangua sehemu laini iliyooza kwa kijiko kidogo kikali, kisha kuziba kwa saruji ya meno inayokandamizwa kwa kidole. Baadaye ikatumika saruji ya glasi ayonoma, ambayo hushikamana na jino lenyewe na kutoa floraidi. Majaribio yakafanyika Thailand na Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaipigia debe kwa nchi zote. Hakuna kelele ya mashine, mara nyingi hakuna sindano, na inawezekana kufanyika juu ya dawati la darasani. Kwa tundu la juu ya gego, lile la upande mmoja, inadumu vizuri. Kwa tundu linalopita katikati ya magego mawili inavunjika mara nyingi zaidi, na mzazi aambiwe hivyo mapema.

Njia ya pili inashangaza kwa urahisi wake. Ni tone la dawa ya silva daiamini floraidi, lenye madini ya fedha na floraidi, linalopakwa kwenye tundu lililokaushwa. Fedha huua bakteria, floraidi huimarisha jino, uozo unasimama. Japani imeitumia tangu karibu na mwaka 1970. Marekani iliiruhusu mwaka 2014. Na mwaka 2021 iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani pamoja na glasi ayonoma na dawa ya meno yenye floraidi. Gharama yake ni ya wazi: sehemu iliyooza inageuka nyeusi tititi na kubaki hivyo. Kwenye gego la nyuma wazazi wengi hawajali. Kwenye meno manne ya mbele ya binti anayeanza chekechea, wengine hawawezi kuvumilia, na huo ni uamuzi wao wa kufanya wakiwa wameonyeshwa picha kwanza. Kwa mtoto wa miaka miwili ambaye chaguo lingine ni kulazwa usingizi wa dawa, mimi ningechagua weusi.

Ya tatu ni kofia ya chuma inayolifunika gego lililooza. Miaka mingi kofia hizi ziliwekwa baada ya ganzi na kulichonga jino pande zote. Daktari mmoja wa Scotland, Norna Hall, alizoea kuziweka bila ganzi, bila kuchonga, bila hata kukwangua uozo, na matokeo ya kazi yake yalipochapishwa mwaka 2006 wataalamu wengi walitikisa vichwa. Tafiti zilizofuata zilimpa haki. Bakteria waliofungiwa chini ya kofia hawapati tena sukari, na uozo unalala. Utaratibu wake uko hivi: siku tatu hadi tano kabla, vipete vya mpira huingizwa katikati ya magego ili kupata nafasi. Siku yenyewe mtoto anaketi wima, kipande cha pamba kikilinda koo, daktari anajaribu kofia mpaka apate inayobana kidogo, anaijaza saruji, anaibonyeza kwa kidole, kisha anamwambia mtoto aume kwa nguvu. Inaingia. Saruji inayochuruzika inafutwa haraka kwa sababu ladha yake mbaya huwaudhi watoto kuliko kitu kingine chochote. Mtoto atahisi anauma juu juu, na meno yatajipanga yenyewe ndani ya wiki chache. Kofia itaondoka na gego lenyewe siku litakapodondoka.

Sharti moja linazuia njia hizi zote tatu: kiini kisiwe kimeoza. Maumivu ya ghafla mtoto anapokula kitu kitamu, yanayokwisha dakika hiyohiyo, bado yanaruhusu. Maumivu yanayomwamsha usiku bila sababu, jipu dogo kwenye fizi, au jino linalolegea kabla ya wakati wake, hayaruhusu. Hapo daktari anaamua kati ya kutoa sehemu ya juu ya kiini na kuhifadhi mizizi, kusafisha mizizi yote, au kung'oa. Picha ya eksirei huonyesha ni muda gani umebaki: kama jino la ukubwani liko karibu kutoka, kung'oa ni busara, kama bado miaka mitano, kulihifadhi kunastahili kujaribiwa, na likishindikana aulizwe daktari kuhusu kifaa cha kushikilia nafasi. Antibayotiki peke yake hushusha uvimbe kwa wiki moja na kuuacha mzizi wa tatizo palepale. Nasikitika ndiyo tiba inayonunuliwa zaidi kwenye maduka ya dawa.

Kulazwa usingizi wa dawa katika chumba cha upasuaji kuna nafasi yake: mtoto mdogo sana mwenye meno mengi yaliyoharibika, au mwenye ulemavu usiomruhusu kuvumilia. Ni ghali, kuna hatari zake, na hospitali zinazoweza kufanya hivyo ni chache. Uvimbe unaopanda kuelekea jicho au kushuka shingoni, homa, kushindwa kumeza au kufungua kinywa, huo ni wa kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Wakati mtoto wa miaka sita anashangilia jino lake la mbele lililong'oka na kulirusha juu ya paa, nyuma kabisa, baada ya gego la mwisho la utotoni, gego jipya linachomoza bila lolote kudondoka kulipisha. Wazazi wengi hulichukua kuwa la utotoni. Ni la ukubwani, ni la maisha, na mifereji yake ya juu ni ya kina kiasi kwamba nywele za mswaki hazifiki chini. Mwombe tabibu wa meno aizibe mifereji hiyo kwa glasi ayonoma mara tu linapoonekana; mtoto aliyezoea kibrashi kinachozunguka kwenye ukucha atalala kitini mwenyewe.